Kabla hajafika kwa mganga, tayari kikao kimekaa

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ni sawa mzazi kumpeleka mtoto aliyevunjika mkono kwa muunga mifupa badala ya hospitali. Jibu langu lilikuwa hapana, basi. Ila kwetu Tukuyu shida huanza mapema zaidi: mtoto anaanguka, kinakaa kikao cha ukoo kuamua kama ameteguka au amevunjika.

Msimu wa maparachichi mwaka jana mtoto wa dada yangu aliteleza mtini, mvua ya Rungwe mnaijua, akaangukia kiganja. Shemeji akamwambia chezesha vidole. Vikacheza. "Hajavunjika huyu, wekeni maji ya moto achuliwe." Jamani! Mfupa unaweza kuvunjika na vidole vikacheza vizuri tu. Mifupa ya watoto mara nyingine hupinda na kupasuka upande mmoja kama kijiti kibichi, hata uvimbe usiwe mkubwa. Mimi naangalia kama mtoto anaupakata mkono na kukataa katakata kuutumia, na kama ukimgusa mahali pamoja juu ya mfupa anaruka.

Halafu likaja suala la sweta. Sweta jipya la shule, na bibi yake mzaa baba hataki kusikia habari ya mkasi. Wakalivuta huku, wakalivuta kule, mtoto anapiga mayowe, kiwiko kinazidi kufura humo ndani. "Nimelinunua Jumamosi hili," bibi anasema. Mwisho akalikata mwenyewe, polepole, akifuata mshono ili aje alishone tena. Kiwiko kikatoka kimejaa, hakina umbo.

Akaitwa mama wa jirani anayeunga mifupa. Nikajiweka tayari kugombana. Yule mama wala hakuchua. Alishika vidole vya mkono mzima, akashika vya ule ulioumia, akabonyeza kucha akangoja wekundu urudi. Ukachelewa. "Vya baridi hivi. Mimi siugusi. Mfungeni kanga shingoni, mkono ukae ulivyo, msiunyooshe. Nendeni hospitali sasa hivi, na chai msimpe, huenda akalazwa usingizi."

Picha ilionyesha mfupa umekatika juu kidogo ya kiwiko na kusogea; daktari akasema mshipa wa damu umebanwa. Usiku huohuo wakamrudishia mfupa.

Kwa hiyo ile hapana yangu imelegea, ingawa si kwa wote. Wapo wanaokaza vijiti na vitambaa mpaka vidole vinabadilika rangi, mtoto akilia anaambiwa avumilie, na mkono uliobanwa hivyo unaweza kuoza ukakatwa. Hao siwatetei. Hospitali kwanza, picha ipigwe, nalirudia hilo. Ila mkiniuliza kuhusu yule mama, ningependa aitwe kwenye semina za zahanati kabla hajaitwa polisi, maana huko vitongojini, barabara ikiharibika kwa mvua, yeye ndiye anayegongewa mlango usiku.