Maswali ya chesi: hapa hulazimiki kula

Mwalimu, shikamoo. Nikiwa mweusi nacheza Philidor (kujibu e5, kisha d6) na nachapwa mapema. Ufunguzi huu ni mbovu? (Ujiji)

Marahaba. Unabana, lakini si mbovu. Gemu uliyonitumia inaonyesha hatua ya tatu umempeleka askofu mraba wa g4. Ndivyo walivyofanya Duke of Brunswick na Count Isouard, wawili dhidi ya Paul Morphy, bingwa wa Kimarekani, kwenye jumba la opera Paris mwaka 1858. Ikabidi wamtoe askofu huyo kwa farasi, na malkia wa Morphy akatoka bila jasho. Hatua ya 10 Morphy akamtupa farasi b5. Wangeweza kupeleka malkia b4, cheki (kumtishia mfalme), wabadilishane malkia gemu ipoe. Wapi! Wakala. Hatua ya 16 akawapa na malkia wake b8, safari hii hawakuwa na pa kukwepea, na ya 17 ngome ikamaliza kazi d8. Askofu wao wa f8 na ngome ya h8 walikuwa bado hawajasogea hata mara moja.

Hiyo ndiyo akili ya drafti ninayoiona kila jioni chini ya miembe ya Mwanga. Kule kula ni lazima, huku ni hiari. Kete ikiachwa wazi, jiulize kwanza imeachwa kwa nini. Wewe hatua ya tatu toa farasi f6, au kula d4. Hapo kula kunafaa.

Nikianza na malkia h5 nashinda haraka. Niendelee? (Kasulu)

Swali hili tena! Unawashinda wasiojua. Anayejua atalinda e5 kwa farasi c6, ukileta askofu c4 atasukuma g6, na malkia wako ataanza kukimbizwa huku wenzake wamelala.

Mpinzani aligusa ngome, akasema alikuwa anainyoosha tu. Sheria inasemaje? (Kibirizi)

Aseme kabla ya kugusa. Akishagusa, aicheze kama ina pa kwenda. Na nyie watazamaji mnaonong'ona "farasi, farasi" nyuma ya kiti, mnaharibu gemu kuliko yeye. Simu nazo ziacheni nje. Kwenye mashindano, kukutwa nayo tu ukumbini kunaweza kukupotezea gemu.

Ubao wa kadibodi unafaa? (Kigoma mjini)

Unafaa kabisa. Ila kwenye picha yenu kona ya kulia ya mchezaji ni nyeusi. Ugeuzeni iwe nyeupe, kisha mpangeni malkia upya.