Koma zinazohesabu kaka zako

SWALI: Nasoma kidato cha tatu, Ujiji. Niliandika "Lake Tanganyika that is 1,470 metres deep borders four countries", nikakatwa alama. Lakini "The boat that sank belonged to my uncle" ilipata vema. Tofauti ni nini?

JIBU: Ziwa Tanganyika ni moja tu. Msomaji akishaliona jina, amekwishajua ziwa gani. Kina chake ni habari ya kuongezea. Kishazi (kipande cha sentensi chenye kitenzi chake) cha aina hiyo hufungiwa koma mbili na hakipokei "that": "Lake Tanganyika, which is 1,470 metres deep, borders four countries." Boti, kwa upande wake, Kigoma ziko tele. Ondoa "that sank", hatujui ipi. Kwa hiyo hakuna koma, na "which" nayo ingefaa.

Funika kishazi kwa kidole, usome kinachobaki. Kama anayesemwa bado anatambulika, weka koma. Majina ya watu na mahali hayasumbui. Ugumu uko kwenye "my brother". "My brother who works in Tabora is a nurse": una kaka kadhaa, unamtaja wa Tabora. "My brother, who works in Tabora, is a nurse": msomaji ataelewa unaye mmoja tu. Kiswahili hakikuzoezi tofauti hii, maana "kaka yangu anayefanya kazi Tabora" hubeba maana zote mbili na mazungumzo ndiyo huamua. Ndiyo maana wengi huweka koma kwa kubahatisha.

Kosa tunalolikuta zaidi ni kusahau koma ya pili. Jingine ni kuangusha kirejeshi, yaani "who", "which" au "that" inayoanzisha kishazi. "The fish which I bought" unaweza kuifupisha iwe "the fish I bought", lakini katika "The MV Liemba, which the Germans built in 1913, is still on the lake", "which" haiondoki, kwa kuwa kishazi kimefungiwa koma.

Angalia pia "The train to Tabora was late, which upset the traders." Hapa "which" hairudi kwa treni wala kwa Tabora, inarudi kwa huko kuchelewa kwenyewe. Koma ni moja kwa sababu kishazi kinaishia kwenye nukta, na "that" hapa haikubaliki kabisa.