Kabla ya kuhangaikia pembe, safisha matabaka yako

Karibu kila anayeanza kazi ya kupandanisha matabaka ya oksaidi (misombo ya metali na oksijeni) huniuliza kwanza: tabaka la juu nilizungushe kwa nyuzi ngapi? Si ajabu. Mwaka 2018, watafiti wa MIT walizungusha grafini, yaani tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, juu ya grafini nyingine kwa takriban nyuzi 1.1 na, kwenye baridi kali, ikapitisha umeme bila ukinzani. Ila oksaidi si grafini. Grafini unaibandua kwa utepe wa gundi. Atomu za oksaidi zimefungamana pande zote, hazibanduki kirahisi.

Mkombozi wetu ni aluminati ya strontiamu, oksaidi inayoyeyuka majini; mbinu ya kuitumia ilichapishwa mwaka 2016. Unaikuza kwanza, unakuza juu yake titanati ya strontiamu au oksaidi nyingine, kisha unatumbukiza vyote majini. Ile ya chini inayeyuka, na utando wa juu, wa nanomita chache tu, unabaki huru.

Hapo ndipo nilipoharibu sampuli zangu za mwanzo. Nilivuta mpira laini ulioshika utando kabla maji hayajamaliza kazi. Kwenye hadubini nikakuta nyufa zimenyooka kama za rula, zinakatana kwa pembemraba, zikifuata mistari ya fuwele. Tafadhali, usivute. Utando ulio tayari hujiachia wenyewe. Ukihitaji usiku mzima, upe.

Kosa la pili lilinichukua muda mrefu zaidi kuligundua. Pembe ilikuwa sawasawa, lakini ile nakshi inayotokea unapolaza chandarua juu ya chandarua kingine haikuonekana kabisa. Tulipokata sampuli na kuitazama ubavuni kwa hadubini ya elektroni, katikati palikuwa na ukanda mwembamba usio na mpangilio wowote: uchafu. Matabaka yalikuwa yamelaliana, hayajagusana. Siku hizi nasuuza utando kwa maji mapya zaidi ya mara moja, na baada ya kupandanisha naupasha moto kwenye tanuri lenye oksijeni ili atomu za pande mbili zishikane.

Pembe sasa. Kwa titanati ya strontiamu, nyuzi 3 hukupa nakshi inayojirudia kila nanomita 7 na ushee. Nyuzi 10, kama nanomita 2. Kata utando mmoja vipande viwili utumie vyote: mihimili ya fuwele unakuwa unaijua tayari, na kosa la kupima linapungua sana.