Ramani ya Awali ya Nyumba Niitafute Wapi?

SWALI: Nimenunua nyumba iliyojengwa zaidi ya miaka 40 iliyopita, nami ninakusudia kuuondoa ukuta ulio kati ya jiko na sebule. Aliyeniuzia hakunikabidhi ramani yoyote. Je, ramani ya awali ninaweza kuipata wapi?

JIBU: Umefanya vema kuuliza kabla ya kumwita fundi, kwa kuwa huenda ukuta huo ndio unaobeba boriti au zege la juu. Anzia katika masijala ya mamlaka inayotoa vibali vya ujenzi katika eneo lenu, kwani kwa kawaida mwombaji wa kibali huacha huko nakala ya michoro yake. Nenda na namba ya kiwanja, wala usitegemee jina la mtaa peke yake: mitaa hubadilishwa majina, viwanja hugawanywa, na jalada hubaki limeandikwa kwa maelezo ya zamani, pengine kwa jina la mmiliki wa kwanza, ambalo utalipata katika kumbukumbu za ardhi. Uliza pia vibali vya baadaye, kwa mfano cha kuongeza chumba, kwa sababu mchoro wa nyongeza mara nyingi huonyesha na jengo lililokuwapo. Ukiambiwa kwamba hakuna kitu, usiondoke kabla ya kuuliza majalada ya miaka hiyo yalihamishiwa wapi.

Nje ya masijala, wapo wamiliki waliotangulia, msanifu, mkandarasi na benki iliyotoa mkopo. Jirani mwenye nyumba inayofanana na yako naye asisahaulike, maana huenda zote mbili zilijengwa kwa ramani moja.

Hata hivyo, ninakusihi usiiamini ramani hiyo moja kwa moja. Ramani iliyopitishwa hueleza kilichokusudiwa kujengwa, na mara nyingi mlango husogezwa, ukuta huongezwa au bomba hupitishwa kwingine wakati kazi inaendelea, bila mtu kurudi kurekebisha mchoro. Pima vyumba na unene wa kuta, ulinganishe na vipimo vilivyoandikwa, kisha mhandisi wa majengo aukague ukuta wenyewe.

Ramani isipopatikana kabisa, msanifu anaweza kuipima nyumba na kuichora upya. Mchoro huo hautaonyesha nondo zilizomo ndani ya zege wala kina cha msingi. Hayo mhandisi huyachunguza kwa kifaa cha kutambua nondo na kwa kuchimba shimo dogo kando ya msingi.