Maswali na Majibu: Mteja Anapoitikia Kila Kitu

Mwanasaikolojia wangu haniambii la kufanya. Nikimuuliza, ananirudishia swali. Namlipa kwa kazi gani? (Msomaji, Morogoro)

Unamlipa akusikilize bila kuwa na upande katika mgogoro wako, jambo ambalo shangazi na jirani hawaliwezi hata wakupende vipi. Hata hivyo, lalamiko lako lina msingi. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Bordin, alieleza kwamba ushirikiano wa mtaalamu na mteja unasimama juu ya mambo matatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi zitakazofanywa ili kulifikia, na kuaminiana. Ikiwa vikao vinapita nawe hujui mnaelekea wapi, mwambie hivyo waziwazi, naye ana wajibu wa kukueleza kwa nini anauliza anavyouliza. Kumrudishia mteja swali ni stadi, lakini kujificha nyuma ya maswali ni uzembe, na wanataaluma wenzangu wanaoufanya wanajijua.

Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mwanasaikolojia mtarajali. Mteja wangu, mama wa makamo, anakubali kila ninalosema na kunishukuru, lakini hali yake haibadiliki. Ninakosea wapi? (Msomaji, Mbeya)

Marahaba. Unaichukulia "ndiyo" yake kuwa ushahidi. Mtafiti wa Kanada, David Rennie, aliwasikilizisha wateja kanda za vikao vyao na kuwauliza nini kilikuwa kikiwapitia moyoni. Katika makala yake ya mwaka 1994 alionyesha jinsi wateja wanavyomeza kutoridhika kwao ili wasimvunjie mtaalamu heshima. Ikiwa ni hivyo Kanada, fikiria mama aliyelelewa kutombishia aliyesoma, tena ndani ya hospitali.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye wanafunzi wetu humkariri kwa ajili ya mtihani, aliweka mwaka 1957 sharti ambalo wengi hulisahau: haitoshi mtaalamu kumwelewa na kumkubali mteja, ni lazima mteja mwenyewe auhisi uelewa huo, japo kwa kiasi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Horvath na Symonds mwaka 1991 nao ulionyesha kuwa tathmini ya mteja kuhusu uhusiano huo hubashiri matokeo vizuri kuliko tathmini ya mtaalamu. Kwa hiyo usimuulize kama ameelewa, kwa kuwa atasema ameelewa. Mwambie kwamba baadhi ya watu huona zoezi kama hili haliwafai, kisha umuulize ni lipi lililokuwa zito kwake na ni lipi mlilolipita bila kuligusa. Akikukosoa, usijitetee. Na kama umekuwa ukimpa mawaidha, acha, kwa sababu huenda ameshayasikia msikitini au kanisani, na kwa ufasaha kuliko wako.

Naomba unitajie dawa ya msongo wa mawazo. (Wasomaji kadhaa)

Nimelijibu swali hili mara nyingi mno. Dawa huandikwa na daktari baada ya kumwona mgonjwa. Msitumiane majina ya vidonge kwa simu, na aliyeandikiwa asiache ghafla eti kwa kuwa ameanza vikao.

Ninalipia vikao vya binti yangu mwenye miaka 23. Je, nina haki ya kujua anachosema humo? (Mama, Nakuru)

Hapana, mama, isipokuwa binti akiridhia, au uhai wake au wa mtu mwingine ukiwa hatarini. Mtaalamu atakayekusimulia mengine anavunja miiko ya kazi.

Je, asiye na shahada anaweza kutoa tiba ya mazungumzo? (Msomaji, Unguja)

Anaweza, kwa masharti. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa mabenchi nje ya vituo vya afya, ambako wahudumu wa jamii, wengi wao akina bibi, huwasaidia watu kutatua matatizo yao hatua kwa hatua. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wanaousifu mpango huo husahau kutaja kwamba akina bibi hao walifundishwa, walisimamiwa, na walijua mgonjwa aliyewazidi apelekwe wapi. Aliyehudhuria semina ya siku mbili kisha akajitangaza mtandaoni kuwa mshauri nasaha hana hata kimoja kati ya hivyo. Kabla hujamfungulia moyo, muulize nani anamsimamia, na atakupeleka wapi ukianza kuwaza kujiua. Akibabaika, usirudi kwake.