Mwanangu, Kuhusu Wakwe Zako

Mwanangu Zuhura,

Barua yako nimeipata. Sisi wazima, goti tu ndilo linamsumbua mama yako, mdomo mzima. Umeniuliza kama uwaambie wakwe zako kwamba kila Alhamisi unaenda kwa mtaalamu wa saikolojia kwa ajili ya ile hofu ya watu. Nitakujibu, ila kwanza niache nifurahi na kazi aliyokupa: unywe chai kwa mama ntilie, kikombe kimejaa, mkono mmoja, na kona ya nyuma marufuku. Halafu eti safari nyingine uimwage makusudi, uone nani atakusimanga! Hapo nimemsomea mama yako mara mbili. Mama ntilie kakurushia kitambaa, kaendelea kusukuma chapati zake. Basi.

Siku zote nasema, woga haufi kwa kukimbiwa.

Baba yako mdogo hakumpata mama ntilie wa namna hiyo. Unamjua alivyo, kwenye shughuli hali mpaka apelekewe sahani chumbani, na ninyi watoto mkisema anaringa. Haringi. Mwaka 1983 tulimpeleka Ujiji kwa wakwe akajitambulishe. Barua ya posa ilishapokelewa. Tukakaa mkekani, ikaletwa kahawa na kashata. Mzee mmoja wa upande wa binti akawa anamtazama tu. Mkono wa mdogo wangu ukaanza. Akaushika kwa ule wa pili, ndiyo ukazidi. Kikombe kinagonga meno, tunakisikia wote. Kahawa ikashuka kwenye kanzu nyeupe, niliyomwazima mimi. Yule mzee akamgeukia mshenga wetu, wala hakupunguza sauti: "Huyu kijana ana kifafa, au analewa?"

Haikupita wiki wakarudisha barua na hela yake. Mpaka leo nikipita mtaa ule nageuza uso.

Unaniandikia kwamba Wamarekani waliuingiza ugonjwa huu kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980. Ujiji habari ilikuwa bado. Sisi tulisema ni kijicho, bibi yako akamnywesha kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani. Na kombe lile alilinywa chumbani peke yake, mkono umetulia kama wa fundi saa. Nililiona hilo, sikujua la kulifanyia. Wajomba wakasema azoezwe, wakampa asome risala kwenye harusi mbele ya ukumbi mzima. Alitoroka kwa mlango wa jikoni, na baada ya hapo akahamia Uvinza kwenye chumvi.

Sasa hapo nagombana na msemo wangu mwenyewe. Woga haufi kwa kukimbiwa, sawa, lakini na kusukumwa je? Mtaalamu wako kakupangia kutoka jepesi kwenda zito, na ukishaingia unakaa humo mpaka moyo utulie. Kakukataza hata kushika kikombe kwa mikono miwili, maana ukijificha nyuma ya mkono wa pili hutajua kamwe kwamba mmoja ungetosha. Wajomba walimtupa kwenye zito moja kwa moja. Hapana, si kitu kimoja. Msemo wangu naubakiza.

Wakwe, basi. Wale wa Ujiji tungewaambia mapema, pengine wangemmiminia nusu kikombe, akaoa. Au wangetukataa kabla ya kahawa, na kanzu yangu ikapona. Nimeligeuza hili miaka yote. Ningekuwa wewe... aa, sisemi. Wakwe ni wako, utakayekaa nao ni wewe. Ila siku ya harusi yako nilimwona mama mkwe wako amekaa na yule bibi asiyesikia vizuri, anamrudia kila neno la mshereheshaji, wala hachoki. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Sijasema umwambie.

Na mumeo? Yeye anajua, au naye anadhani Alhamisi unaenda kwenye kikoba? Hapo barua yako imeparuka.

Baba yako,
Mwanga, Kigoma