Namba za uzito kwenye logi: mbona mwizi kaingia na alati haijalia?

Swali: Mkuu, nasimamia logi (kumbukumbu za matukio) za seva za ofisini, alati (kengele ya tahadhari) nimeiseti ilie kuanzia eroo kwenda juu tu, maana meseji zilikuwa nyingi mno. Juzi mtu kabahatisha paswedi mpaka akaingia, sijapata alati hata moja. Shida iko wapi?

Jibu: Pole sana mkuu. Alati yako imefanya ulichoiambia, ila hiyo eroo ni namba ya uzito, na umeipa kazi isiyo yake.

Syslog, yaani utaratibu wa seva wa kuandika logi, ina ngazi nane, 0 mpaka 7, na namba ikiwa ndogo ndo hali mbaya zaidi. 0 mfumo haufai kabisa, 1 chukua hatua sasa hivi, 2 hali mbaya sana, 3 ndo eroo yako, 4 onyo, 5 jambo la kawaida ila lina umuhimu, 6 taarifa, 7 ya kutafutia bagi, yaani kasoro za programu. Sasa anayepanga namba ni programu yenyewe iliyoandika ule mstari, nayo inaangalia afya yake tu, haijui kama anayegonga ni mwizi au mfanyakazi kasahau paswedi. sshd, programu inayowaingiza watu kwenye seva kutoka mbali, ikikataa paswedi imefanya kazi yake vizuri, kwa hiyo kwa kawaida inaandika 6, na ikikubali inaandika 6 hiyohiyo, wewe umekatia 3, utaona nini hapo? Windows nayo vilevile, tukio 4625 la kuingia kulikoshindikana linakuja kama taarifa, na hata 1102, yaani mtu kafuta logi yote ya usalama, nalo taarifa tu! Kwangu mimi 1102 ni ya kumwamsha mtu usiku wa manane.

Kwa hiyo ngazi 3 mpaka 0 iache kwa ajili ya afya ya seva, diski mbovu na mengineyo. Logi za auth na authpriv, yaani makundi ya logi za kuingia na ruhusa, kusanya zote mpaka 6, alati ijenge kwa tukio: paswedi zimekataliwa mfululizo kutoka IP moja halafu ghafla ikakubaliwa, akaunti mpya ya admini, logi kufutwa. Ukikuta <86> mwanzoni mwa mstari, hiyo namba imebeba kundi na uzito pamoja, gawanya kwa 8, unapata 10 ambayo ni kundi la authpriv, inayobaki 6 ndo uzito.

Ila kabla ya yote hayo, leo hii, kopi logi za hiyo seva uziweke mashine nyingine asije akazifuta, funga hiyo akaunti, kata sesheni zake, na angalia kama kaacha funguo zake kwenye authorized_keys, faili la funguo zinazoruhusiwa kuingia bila paswedi, maana akiziacha hata ukibadilisha paswedi anarudi tu.